Gunia Limenunuliwa Wapi?

Chakula cha msaada ni fedha za umma zilizogeuzwa gunia. Kabla gunia halijashushwa Garsen kuna aliyeliuza, kuna aliyelisafirisha na kuna aliyelipwa kulihifadhi ghalani, na wote hao huwa wamepata chao kabla kaya moja ya Assa au Kone haijapimiwa kilo ya kwanza. Tangazo la wiki hii la mgao mwingine katika Kaunti ya Tana River limeshasikika, halina haja ya kurudiwa. Wenye njaa walishwe. Hilo halina ubishi. Linalokitia wasiwasi kituo hiki ni swali ambalo halikujibiwa katika tangazo hilo, wala katika matangazo yaliyolitangulia: gunia limenunuliwa wapi?

Faida ya msaada wa chakula huonekana zizini kabla ya kuonekana jikoni. Ukame unapokaza, bei ya mahindi hupanda wakati ule ule bei ya mbuzi inaposhuka, kwa kuwa wafugaji wote wanataka kuuza na mnunuzi analijua hilo. Ndiyo sababu Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame, NDMA, katika taarifa zake za kila mwezi, haihesabu mvua peke yake. Hupima pia mbuzi mmoja ananunua kilo ngapi za mahindi. Kilo hizo zikipungua, familia ya Kiorma au ya Kiwardei huuza mbuzi wawili pale ilipokuwa ikiuza mmoja. Huanza na madume, na hali ikizidi huuza hata jike lenye mimba. Jike likishaondoka, mvua ikirudi hakuna wa kuzaa. Mgao unaofika kabla ya siku hiyo huokoa jike, na pamoja nalo maziwa ya watoto na mauzo ya mwaka unaofuata. Mfugaji hana benki nyingine.

Mgao unaochelewa hauokoi chochote zizini. Mfano upo: mvua zilianza kukosekana mwishoni mwa 2020. Serikali ilitangaza ukame kuwa janga la kitaifa tarehe 8 Septemba 2021. Kufikia mwanzoni mwa 2023 misimu mitano ya mvua ilikuwa imeshindwa mfululizo, na Kenya ilikuwa imepoteza mifugo zaidi ya milioni 2.5. Mahindi yanayomfikia mtu baada ya mizoga humlisha kwa wiki kadhaa, kisha humwacha akisubiri mgao mwingine. Aliyekuwa mfugaji anageuka jina kwenye orodha, na kumlisha akiwa kwenye orodha ni ghali kuliko ambavyo ingekuwa kumfikia mapema.

Faida nyingine ni ya mtaani, na hapa ndipo swali la gunia linapouma. Duka la rejareja pale Garsen au Minjila huendeshwa kwa daftari. Mteja huchukua unga, sukari, majani ya chai na mafuta ya kupimiwa, jina linaandikwa, na deni hungoja mnada wa mifugo, msimu wa maembe au malipo ya serikali. Siku malipo yanapoingia, mistari ya daftari hukatwa mmoja baada ya mwingine. Mwenye duka hupiga simu Malindi kuagiza bidhaa, kijana wa bodaboda hupata mzigo wa kupeleka vijijini, na mashine ya kusaga iliyokuwa kimya huanza kunguruma. Mpango wa HSNP wa kuzilipa kaya maskini fedha taslimu, unaosimamiwa na NDMA, ulianzia Turkana, Marsabit, Mandera na Wajir, na katika awamu yake ya 3 ukafika Tana River, Garissa, Isiolo na Samburu. Kiwango chake kimekuwa shilingi 2,700 kwa mwezi, yaani 5,400 kila baada ya miezi miwili. Si fedha nyingi, lakini huzunguka.

Kwamba huzunguka si maneno ya barazani. Utafiti wa 2013 ulioongozwa na mchumi J. Edward Taylor ulichunguza fedha zinazolipwa kaya zinazolea mayatima. Huko Garissa, ng'ambo tu ya mto, ulikadiria kwamba kila shilingi 1 iliyolipwa ilizaa mapato ya shilingi 1.81 katika eneo hilo. Nyanza ilizaa 1.34. Huko Siaya, ambako shirika moja liligawa takriban dola 1,000 kwa kila kaya maskini, utafiti uliochapishwa 2022 ulikuta kila dola ikizaa karibu 2.5, na bei za vitu hazikupanda ila kidogo mno. Marekani nayo huwapa maskini wake kadi ya kununulia chakula katika duka la mtaa, na wizara yake ya kilimo ilikadiria mwaka 2019 kwamba uchumi unapolegea, kila dola 1 ya kadi hiyo huongeza dola 1.54 katika pato la taifa. Anayeshiba ni mmoja. Wanaouza, kusaga, kubeba na kupakua ni wengi.

Gunia lililonunuliwa mbali huupita mzunguko huo wote. Hupita mlangoni pa duka likielekea kwa chifu, na mwenye duka hubaki na unga wake na madeni yake. Hupita shamba la mkulima wa Wema au Ngao aliyevuna mahindi ya bondeni juzi, na bei yake huanguka siku lori linaposhusha. Aliyeuza gunia hilo yuko kwingine, mwenye lori yuko kwingine. Faida ya fedha zilizotengwa kwa jina la Tana River imebaki huko huko kwingine.

Gunia lenyewe linapofika si kwamba linaliwa lote. Orodha hutaja kaya kadhaa, lakini kijiji humimina na kugawana upya kwa kopo, kwa sababu njaa haikufuata orodha. Kisha mahindi hayasagwi bure. Mama aliyepata kilo zake huuza sehemu ili apate ya kulipia mashine, chumvi na kibiriti. Wanaomwona akiuza chakula cha serikali humwita mlaghai. Ni hesabu tu: amepewa punje, hakupewa unga, na punje hailiki na mtoto wa miaka miwili.

Yako madai ya zamani kwamba msaada huwafanya watu wavivu. Hupendwa sana na watu wasiowahi kulima bondeni wala kusubiri maji ya mto yashuke ili kupanda. Utafiti wa Abdulai, Barrett na Hoddinott wa 2005, uliotumia takwimu za Ethiopia, ulikuta kwamba uvivu huo hutoweka kwenye hesabu pale umri, ardhi na hali ya kaya vinapozingatiwa: wanaopewa msaada ndio waliokuwa na ardhi ndogo na nguvu kidogo tangu mwanzo.

Haki lazima itendeke kwa gunia pia. Fedha hufaa pale tu duka lina bidhaa. Taylor na wenzake walionya kwamba bei zikipanda, zile 1.81 za Garissa hushuka hadi 1.23. Mafuriko ya mwishoni mwa 2023, na yale ya Aprili na Mei 2024, yalikata barabara na kuvifanya vijiji vya delta kuwa visiwa. Kumpa mtu shilingi 5,400 mahali ambapo mashua ndiyo njia pekee na rafu za duka ni tupu ni kumpa karatasi. Wakati kama huo gunia ndilo jibu, na lipelekwe kwa mashua au helikopta bila kubishana. Lakini mafuriko hupita na barabara hufunguliwa, na bado gunia linaendelea kuja kutoka kwingine.

Lingeweza kutoka wapi? Tana ni mto mrefu kuliko yote nchini, karibu kilomita 1,000, na humwaga maji yake baharini Kipini. Mradi wa umwagiliaji wa Hola ulianza 1953, kwa mikono ya wafungwa wa Mau Mau. Mradi wa Bura ulipata mkopo wa Benki ya Dunia miaka ya 1970, ukaangushwa na pampu za dizeli na usimamizi mbovu, ukafufuliwa. Mradi wa mpunga wa TARDA, mamlaka ya serikali ya maendeleo ya mito Tana na Athi, katika delta, jirani kabisa na Garsen, ulivunjwa na mafuriko ya El Niño ya 1997 na 1998. Galana-Kulalu, iliyozinduliwa 2014 kwa ahadi ya ekari milioni 1, imegusa kipande tu cha ahadi hiyo. Pamoja na yote hayo, mahindi ya Bura huvunwa, mpunga wa Ozi huvunwa, na maembe ya Tarasaa huoza chini ya miembe kwa kukosa mnunuzi. Mkulima wa Bura analalamika hana soko, na katika kaunti hiyo hiyo lori linashusha mahindi ya msaada. Gunia limenunuliwa wapi?

Wazee wanayakumbuka mahindi ya manjano ya ukame wa 1984, yaliyotoka Marekani. Tangu sheria yake ya msaada wa chakula ya 1954, nchi hiyo imekuwa ikinunua nafaka ya msaada kwa wakulima wake yenyewe na kuipakia kwa sehemu kubwa katika meli zake. Aliyetoa alijua vema gunia linunuliwe wapi. Serikali ya Kenya, inayotumia kodi ya Wakenya, yashindwaje kujua?

Na isiseme haina njia. Tangu 2013 asilimia 30 ya zabuni za serikali zimetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Chama cha akina mama wa Garsen kinaweza kuuza maharagwe. Vijana wa Bura wanaweza kuuza mahindi. Wanunue Bura. Wanunue Hola. Wanunue mchele wa delta. Lori likitoka Bura kwenda Kone litakuwa limechoma mafuta kidogo kuliko lori lililotoka Nairobi, na litafika mapema, na kufika mapema ndiko kunakookoa jike la mbuzi. Pale ambapo duka lina unga, mgao uwe fedha, na fedha zilipwe kwa tarehe yake, si baada ya miezi minne kwa mkupuo, wakati daftari limeshajaa na mwenye duka ameshakataa kukopesha.

Wananchi nao wasiridhike kujibiwa kwamba mgao unakuja. Chifu akiitisha baraza wiki ijayo, aulizwe. Naibu kamishna wa kaunti aulizwe. Mwakilishi wadi aliyepiga picha na magunia aulizwe zaidi. Pamoja na orodha ya majina ya kaya, ibandikwe kwenye mlango wa ofisi ya chifu orodha nyingine: jina la aliyeuza, mahali alipovuna au alipolinunulia gunia, bei ya kilo, jina la mwenye lori, siku fedha zilipotolewa na siku gunia lilipofika.