Kuaibishana kwa Simu na Madhara Yake kwa Vijana Wetu

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa Jumuiya, Kyambogo)

Bismillahi Rahmani Rahim.



Ama baad. Nimetakiwa na wakubwa wa Jumuiya niseme maneno machache juu ya malezi. Jambo hilo ni bahari, nami nikaomba ruhusa nichote kikombe kimoja tu, nacho ni hili la vijana kutesana na kuaibishana kwa simu za mkononi. Waandishi wa siku hizi huliita uonevu wa mtandaoni. Sisi watu wa Kampala mama yake twamjua tangu zamani, na jina lake ni lugambo.

Lakini lugambo la zamani lilikuwa na miguu. Lilitoka Banda likaupanda mlima huu polepole, likifika Ntinda limekwisha kuchoka, na likifika Jinja hapana tena amjuaye huyo asemwaye. Hili la leo halichoki. Vijana wa darasa moja wana kundi lao la WhatsApp, na ndani yake mmoja hutia picha ya mwenziwe, wa pili akaandika neno la kumcheka, wa tatu akaikata sura yake akaifanya stika ya kuchekea kila siku. Wako wafunguao ukurasa kwa jina la mtu asiyekuwa wao, wakatukana watu kwa jina hilo. Na sasa yamezuka mambo ya kompyuta kutengeneza picha ya binti kwa uso wake na mwili usio wake, na mtazamaji asiweze kupambanua. Zamani mtoto aliyeonewa uwanjani mwa shule, ikilia kengele, alirudi kwa mamake, mlango ukafungwa na adui akabaki nje. Leo adui analala naye chini ya mto.

Baadhi ya wazazi huniambia, "Sheikh, mwanangu yuko bweni, na huko simu haziruhusiwi." Ni kweli kwamba shule nyingi za bweni zakataza simu. Lakini likizo zipo, na yaliyoandikwa wakati wa likizo hurudi shuleni vichwani mwa wanafunzi, pasipo kuhitaji simu.

Niliwahi kuletewa binti wa miaka 15. Sitasema ni wa mtaa gani, na mambo mengine nimeyaficha makusudi, kwani haitafaa nami niwe mmoja wa wampitishao. Mwenziwe wa bwenini alimpiga picha akichana nywele, kichwa wazi, kisha wakagombana kwa jambo dogo la kitoto. Ilipokuja likizo picha ile ikatiwa kundini, na chini yake pakaandikwa kwamba huyu ndiye awapelekeaye wanaume picha zake. Maneno yalikuwa uwongo na picha ilikuwa kweli. Na huo ndio ufundi wa fitina, kutia kweli kidogo ndani ya uwongo mwingi. Jioni ile ile picha ilikwisha kuhama kwa watoto ikafika kwa watu wazima. Bibi mmoja, naye ni mtu wa sala, alimpelekea mamake binti kwa sauti ya huruma, akiuliza, "Huyu si wenu?" Babake alipopata khabari aliichukua simu akaivunja, kisha akampiga mwanawe.

Nisikilizeni vizuri hapa. Mimi sikuletewa binti huyu kwa sababu ya picha. Nililetewa kwa sababu alikuwa hali, halali usiku, wala hasemi na mtu, na watu wa nyumbani wakadhani ameingiliwa na jini, wakataka nimsomee. Kumsomea mgonjwa ni jambo la kheri, na nimelifanya miaka mingi. Lakini huyu hakuwa na jini. Nilimwuliza, mamake akiwapo, "Binti yangu, katika siku zote hizo ulimwambia nani?" Akanijibu, "Ningemwambia nani, Sheikh? Kila niliyemfikiria alikuwa amekwisha kuiona."

Basi tuhesabu. Aliyepiga picha ni mmoja. Aliyeiandikia uwongo ni yeye huyo huyo. Lakini walioipitisha walikuwa makumi, na kila mmoja wao lau angeulizwa angesema, "Mimi sikufanya kitu, nilipelekewa tu nikapeleka." Kwa hesabu yangu mimi, hao ndio waliomtesa zaidi, kwani mtoto mmoja mwenye chuki hana nguvu ya kuifikisha picha mpaka jikoni kwa mamake mtu. Nguvu ile tulimpa sisi.

Na jambo hili si geni katika dini yetu. Nyote mwaijua khabari ya Bibi Aisha, Mungu amuwiye radhi, aliyebaki nyuma ya msafara akitafuta mkufu wake, akarudishwa na Safwan bin Muattal, na wanafiki wakamzulia. Maneno yale yalitembea Madina muda wa mwezi mmoja, naye mgonjwa nyumbani wala hajui. Na alipojua alilia hata wazee wake wakachelea ini lake litapasuka. Mkubwa wa waliozua ni Abdullahi bin Ubayy, mnafiki anayejulikana. Lakini katika waliopitisha walikuwamo Waislamu wema, na Sura ya Nuru ilipoteremka iliwalaumu walioyapokea kwa ndimi zao wakayadhani ni mepesi. Tazameni kisha Bibi Zaynab binti Jahsh. Alikuwa mke mwenza, na katika wake za Mtume ndiye aliyeshindana na Bibi Aisha. Dada yake mwenyewe, Hamna, alikuwa katika waenezao. Alipoulizwa alijizuia, akashuhudia kwamba hakujua kwake ila kheri. Kwake yeye maneno yalisimama. Twataka mabinti wa namna hiyo katika makundi ya WhatsApp, na wavulana pia, kwani wavulana nao huteswa, tena huficha zaidi kwa kuogopa kuitwa wanawake.

Sasa nawageukia akina baba. Wengi wetu mtoto akituletea khabari ya aibu, la kwanza twalofanya ni kumnyang'anya simu, na la pili ni kumwuliza yeye alikosa nini. Mtoto ana akili. Amekwisha kujua kwamba tutafanya hivyo, basi hatuambii. Twadhani tumezima moto, kumbe tumemfungia mtoto ndani ya nyumba iwakayo. Wako pia wasemao, "Nitamhamisha shule." Msichana wa Kanada aliyeitwa Amanda Todd alihamishwa shule zaidi ya mara moja, na kila alikokwenda picha ikamfuata. Aliyekuwa akimtisha ni mtu mzima aliyekaa Uholanzi, ng'ambo ya bahari, ambaye hakumwona hata siku moja kwa macho. Binti yule alijitoa uhai Oktoba 2012, akiwa na miaka 15. Na mtu yule alihukumiwa mwaka 2022, miaka kumi baadaye. Sisemi haya kuwatisha. Nayasema kwa sababu hapa kwetu twalionea haya neno la kujiua hata hatumwulizi mtoto kama limempitia moyoni. Mwulizeni. Kumwuliza hakulitii neno hilo moyoni mwake. Humpa nafasi ya kulitoa.

Mkimwona ameacha chakula, au maumivu ya tumbo yampata kila siku ya shule, au alikuwa wa tano darasani akawa wa arubaini, msikimbilie kusema ni uvivu. Wala msione aibu kumpeleka kwa daktari wa maradhi ya akili. Sisi tumelifanya jina la Butabika kuwa tusi, na hospitali ile imetibu watu tangu mwaka 1955.

Serikali nayo imesema neno. Uganda ilipitisha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta mwaka 2011, na ndani yake likatajwa kosa la kumsumbua mtu kwa mtandao. Mwaka 2022 iliongezewa vifungu, kimoja kikikataza kupeleka khabari za mtoto pasipo idhini ya mzazi au mlezi wake. Mabishano juu ya sheria hizo ni mengi, na Januari 2023 Mahakama ya Katiba ilikifuta kifungu cha 25 kwa kuwa maneno yake hayakuwa wazi. Jirani zetu wa Tanzania walipotunga sheria yao mwaka 2015 waliweka faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3. Mimi si mtu wa sheria. Ninalowaambia ni hili: mtoto akikuletea simu, usifute kitu. Yahifadhi maneno na picha pamoja na tarehe zake, uende kwa mkuu wa shule, au polisi katika ofisi ya ulinzi wa mtoto na familia. Na namba 116, iitwayo Sauti, ni ya msaada wa watoto, hupigwa bure. Mwandikieni kila mtoto katika daftari lake.

Binti yule sasa anasoma. Mamake alikaa naye, daktari alimwona, na babake, baada ya muda mrefu, alimwomba radhi mwanawe mbele yangu. Jambo hilo sikulitazamia. Lakini mpaka leo hakubali kupigwa picha na mtu ye yote.

Jumuiya imekubali kutoa chumba kile kidogo kilicho ubavuni mwa madrasa. Kila Jumamosi baada ya Alasiri watakaa humo walimu wetu wawili wa kike, na kwa wavulana nitakaa mimi barazani. Mtoto aweza kuja peke yake, wala hataulizwa kwanza yeye alikosa nini. Tutaanza Jumamosi hii ijayo, inshallah.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.