Nani Alichora Datsun 240Z?

Leo nilipanga kuzungumzia reli, lakini msikilizaji mmoja wa Arusha ametutumia ujumbe, na reli itasubiri. Kuna dalali anamuuzia Datsun 240Z. Anamwapia kwamba ndiyo ileile iliyoshinda Safari Rally mwaka 1971, kwamba injini yake haijawahi kubadilishwa, na kwamba ilichorwa na Mjerumani yule aliyeichora BMW. Huyo dalali ana maneno!

La Safari nalimaliza upesi. Gari walilotumia Edgar Herrmann na Hans Schüller kushinda mwaka 1971 liko Japani, kwa Nissan wenyewe, kwenye hifadhi yao ya magari ya kale huko Zama. Kwa hiyo kama dalali analo Arusha, ama Wajapani wameibiwa, ama anayeibiwa ni wewe, ndugu yangu.

La injini liko chini ya boneti. Tafuta kibao kidogo cha chuma chenye namba ya chesisi na ya injini. Namba ya chesisi imegongwa pia kwenye bati linalotenganisha injini na abiria. Gari la kuuzwa nje lenye usukani wa kulia huanza na HS30. La usukani wa kushoto, HLS30. Sasa chukua kitambaa, inama upande wa plagi, ufute grisi ubavuni mwa bloki, chini kidogo ya silinda hedi. Ukisoma L24, endelea kuilinganisha na kibao. Ukisoma L28, hiyo ni injini ya lita 2.8 ya magari yaliyokuja baadaye, na mafundi duniani kote wanaipenda kwa sababu inaingia bila taabu. Gari litakimbia vizuri, pengine kuliko mwanzo, lakini bei ya gari la asili usilipe. 240Z ilitoka kiwandani na silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, sentimita za ujazo 2,393, kabureta mbili.

Haya, sasa Mjerumani. Hapa ndipo ninapopapenda.

Albrecht Goertz alizaliwa mwaka 1914 katika ukoo wa kikabaila, akahamia Marekani mwaka 1936. Ndiye aliyeichora BMW 507, gari zuri ajabu. Elvis Presley alikuwa na moja alipokuwa askari huko Ujerumani. Ilikuwa nyeupe, ikapakwa rangi nyekundu, na inasimuliwa kwamba wasichana walikuwa wanaiandikia ujumbe kwa rangi ya mdomo! Basi jamaa mwenye sifa hizo, miaka ya mwanzo ya 1960, aliajiriwa na Nissan awe mshauri. Akashiriki mradi wa gari la michezo la lita mbili, wakisaidiana na Yamaha. Mradi ukafa. Yamaha wakahamia kwa Toyota, na huko ikazaliwa Toyota 2000GT. Goertz naye mkataba ukaisha, akaenda zake.

Sikilizeni vizuri hapo: akaenda zake. Ni baada ya hapo ndipo kijana Yoshihiko Matsuo na wenzake wa Nissan walipokaa na udongo wa kufinyangia, wakatengeneza modeli, wakaibomoa, wakatengeneza nyingine. Nyuma yao alikuwepo Yutaka Katayama, mkuu wa Nissan Marekani, aliyetaka gari la michezo ambalo mtu wa mshahara wa kawaida angelimudu. Liliuzwa huko kwa dola 3,526. Japani waliliita Fairlady, kutokana na mchezo ule wa jukwaani, My Fair Lady. Husimuliwa kwamba Katayama alizing'oa mwenyewe nembo za jina hilo kabla Wamarekani hawajaziona. Namwelewa! Umwambie dereva wa Safari aingie matopeni na gari liitwalo bibie?

Gari lilipopata jina, Goertz akajitokeza: kazi yangu. Magazeti ya magari yakamwamini, na wengine wanarudia mpaka leo. Mwaka 1980 Nissan wakamwandikia barua. Walisema gari lilichorwa na wafanyakazi wao, lakini wakakubali kwamba hao walinufaika na kazi aliyoifanya kwao. Barua ya adabu, yenye harufu ya wanasheria. Yeye akaisoma kama ushindi.

Ngoja, kuna simu. Mombasa, karibu... Baba anauliza mbona namtaja Mjerumani wakati aliyelipatia jina gari hili ni Shekhar Mehta, dereva wa Safari. Haya mzee wangu, umenishika! Mehta, mzaliwa wa Kampala, alikuwa wa pili mwaka 1971, naye kwa 240Z. Mwaka 1973 akashinda, pembeni yake Lofty Drews. Na alishindaje? Alifungana pointi na Harry Källström, naye wa Datsun, sawasawa! Mehta akapewa ushindi kwa sababu alikuwa ameenda mbali zaidi bila kupoteza pointi. Akaja kushinda tena mara nne mfululizo, 1979 mpaka 1982. Asante, mzee.

Nirudi kwa Goertz, maana dakika zinakwisha. Mwalimu wa insha anaweza kukufundisha kuandika, lakini kitabu utakachoandika yeye akishahama shule ni chako. Tarehe zinamkataa Goertz: 240Z ni ya Matsuo na kundi lake.

Nawe mwenye picha za Safari za miaka ile, hasa zinazoonyesha namba za usajili za hizo Datsun, zitumie hapa studio. Namba moja inayosomeka inatosha kumnyamazisha dalali.