Kuituliza Nafsi Iliyoghadhibika

Tiba aliyoiasisi Bi Marsha Linehan wa Seattle, Marekani, akaichapisha kitabuni mwaka 1993, yamtaka mgonjwa, kijana au mtu mzima, aikubali hali yake ilivyo na papo hapo ajitahidi kuibadili. Ghadhabu au huzuni ikimzidi hata akatamani kujidhuru, hufundishwa kuinamisha uso katika beseni la maji baridi, pumzi ameizuia, kwa nusu dakika hivi, na mapigo ya moyo hupungua. Mwenye maradhi ya moyo asithubutu. Bi Linehan mwenyewe, alivyokiri mwaka 2011, ujanani alilazwa kwa kujidhuru, jambo ambalo, kwa rai yangu, laipa kauli yake uzito. Basi, wazazi, mwana akijikata msimwite mwendawazimu. Mpelekeni kwa tabibu.