Kikulacho Ki Nguoni Mwako
Hotuba kwa vijana waendesha pikipiki wa Kanazi, Bukoba



Twawashukuru kwa kuacha kazi zenu mkaja kutusikiliza. Twajua kuwa saa hii ya jioni ndiyo saa ya abiria, na kila dakika mnayokaa hapa ni fedha inayowapita. Kwa hiyo hatutawazungusha kwa maneno mengi. Tumekuja kusema juu ya jambo moja tu, nalo ni bastola.

Siku chache zilizopita kijana mmoja wa hapa alitujia usiku. Jina lake hatutalitaja, wala msianze kutazamana. Kijana huyu alinyang'anywa pikipiki. Watu wawili walimkodi baada ya saa mbili usiku, akawapakia wote wawili, na walipofika penye giza mmoja akamkaba shingo kwa nyuma, mwenziwe akampiga kwa nondo. Alipopata fahamu alijikuta peke yake migombani. Mpaka leo tajiri mwenye pikipiki anamdai hesabu ya kila wiki, kwa chombo ambacho hana. Akatuambia: "Ndugu zangu, nimechoka kuwa kondoo. Kuna mtu ameniahidi bastola kutoka ng'ambo ya mpaka. Nikiipata, hakuna atakayenigusa tena." Akamaliza kwa methali, "Mwenye kisu ndiye alaye nyama."

Hatukumcheka, wala hatukumkaripia. Mtu aliyepigwa nondo kichwani hastahili kuhubiriwa ushujaa na watu waliolala salama usiku ule. Walakini alistahili jibu, na kwa kuwa twadhani wengi wenu mnalo wazo hilo moyoni, tumeona heri tulitoe jibu hilo mbele ya wote.

Kwanza, tuitazame kazi yenyewe. Pikipiki humtaka dereva kwa viungo vyake vyote vinne. Mkono wa kulia uko kwenye mafuta na breki ya mbele, wa kushoto uko kwenye klachi. Mguu wa kulia uko kwenye breki ya nyuma, wa kushoto unabadili gia. Sasa atuambie fundi yeyote aliyeko hapa: bastola itachomolewa kwa mkono upi? Ukiachia wa kulia, chombo kinapoteza mwendo, nawe umeipoteza breki. Ukiachia wa kushoto kwenye barabara yetu ya changarawe, wakati wa mvua, chombo chenyewe kitakuangusha kabla ya mwizi.

Tena mwizi wa pikipiki hatoki mbele yako kama askari wa adui. Umempakia mwenyewe. Ameketi mgongoni pako, magoti yake yamegusa mapaja yako, naye anakiona kiuno chako vizuri kuliko wewe. Basi bastola iliyo kiunoni mwa dereva iko karibu zaidi na mkono wa abiria kuliko mkono wa dereva. Wahenga walisema, "Kikulacho ki nguoni mwako." Walisema juu ya jambo jingine, lakini mnaona jinsi neno lao linavyotufaa leo. Yule aliyekuja na nondo ataondoka na pikipiki na bastola pia, na risasi ya kwanza huenda ikawa yako.

Pili, bunduki haimfukuzi jambazi kila mara. Mara nyingine ndiyo inayomwita. Mwezi wa Septemba mwaka 2014, kule Ushirombo katika mkoa jirani wa Geita, majambazi walikivamia kituo cha polisi, wakawaua askari wawili na kuchukua bunduki. Mwezi wa Julai mwaka 2015 kituo cha Stakishari, Dar es Salaam, kikavamiwa vivyo hivyo. Polisi na raia wakauawa, silaha zikachukuliwa. Walikwenda vituoni kwa sababu bunduki ndiyo mali waliyoitafuta. Ikiwa watu wa namna hiyo hawakuogopa kituo kizima chenye askari waliofundishwa, wataiogopa bastola moja ya kijana aliye peke yake njiani usiku? Siku itakapojulikana kijiweni kuwa fulani anayo, na kijiweni hakuna siri, siku hiyo amekuwa windo.

Tuwatazame na jirani zetu wa Uganda. Tarehe 17 Machi 2017 Andrew Felix Kaweesi, afisa mkuu wa polisi, aliuawa karibu na nyumbani kwake Kampala na watu waliokuja kwa pikipiki. Alikuwa na mlinzi mwenye silaha. Mlinzi akafa pamoja naye, na dereva pia. Tarehe 1 Juni 2021 Jenerali Katumba Wamala, waziri na mkuu wa zamani wa majeshi, alishambuliwa na watu wa pikipiki. Yeye alipona kwa majeraha, binti yake na dereva wake wakafariki. Hawa walikuwa watu wa silaha. Anayeanza yeye ndiye mwenye nafasi. Anayeshambuliwa ghafula hana muda hata wa kugeuka.

Tatu, sheria. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haikumkataza raia kabisa. Mwenye haja ya kweli aweza kuomba kibali kwa polisi. Atachunguzwa mwenendo wake, ataulizwa sababu yake, na silaha yake itaandikwa. Njia hiyo ipo, na anayetaka kuifuata hatumzuii, ingawa tumekwisha kumwonyesha kwamba juu ya pikipiki haitamfaa. Lakini bastola ya ng'ambo ya mpaka haina kibali. Makosa ya silaha yamewekwa pamoja na makosa ya uhujumu uchumi, na tangu sheria hiyo irekebishwe mwaka 2016 adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 20. Pigeni hesabu, vijana. Aliyeingia na umri wa miaka 24 atatoka na 44. Watoto wake watakuwa wamekwisha kuoa na kuolewa, na pikipiki aliyoililia itakuwa vyuma chakavu.

Kuna wanaosema, "Lakini kujitetea ni haki." Ni kweli. Kanuni ya Adhabu yetu yampa kila mtu haki ya kuitetea nafsi yake, ya mwenziwe, na mali yake. Lakini kanuni hiyo hiyo yasema nguvu itumikayo iwe ya kiasi kinachohitajiwa tu, na kwamba anayeua kwa kupita kiasi katika kujitetea ana hatia ya kuua bila kukusudia. Yule abiria aliyeingiza mkono mfukoni, je, alitafuta kisu au alitafuta nauli? Katika giza la migombani utaamua kwa kufumba na kufumbua, na hakimu atayapima maamuzi yako kwa miezi mingi, katika mwanga.

Nne, na hili twaomba mlisikilize sana, tujiulize bastola hizo zatoka wapi. Mkoa wetu wazijua silaha. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka na kuingia katika nchi iliyo kaskazini ya mto Kagera, daraja la Kyaka likavunjwa, wazee walioko hapa wakaiona vita kwa macho. Mwaka 1994, mwishoni mwa Aprili, watu wapatao 250,000 waliikimbia Rwanda wakavuka Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa saa 24 hivi. Wengi mno walikuwa watu wa taabu tupu, wanawake na watoto. Lakini nyuma ya kila vita hubaki bunduki, na bunduki haina nchi wala haizeeki upesi kama mtu. Hiyo unayoahidiwa huenda imekwisha kumwaga damu ya watu usiowajua. Ikikutwa kwako, utaulizwa wewe.

Tena anayekuletea si ndugu yako. Hapa Kanazi ndipo palipokuwa makao ya Mukama Kahigi wa Kihanja. Wajerumani walipojenga kituo chao Bukoba mwaka 1890, Kahigi alifanya urafiki nao, akapata nguvu juu ya watawala wenzake. Lakini bunduki zilibaki za Wajerumani, na amri ikabaki yao. Aegemeaye bunduki ya mwingine huwa mtumishi wa mwenye bunduki. Vivyo hivyo mwuza magendo anayejua kuwa wewe unayo bastola isiyo halali amekushika mkono. Siku moja atakuja saa tano usiku akuombe umpeleke mahali, usiulize mzigo ni nini. Utamkatalia kwa neno gani? Ulitaka usiwe kondoo, na sasa umepata mchungaji.

Basi tufanyeje? Hatukuja kuwaambia mkae mkingoje kifo. Miaka ya 1980 mwanzoni, wenzetu wa Usukuma na Unyamwezi walisumbuliwa na wezi wa ng'ombe wenye bunduki. Wao walikuwa na pinde na mishale, lakini silaha yao kubwa ilikuwa wito. Mmoja akiita, kijiji kizima kinatoka, na kijiji cha pili kinaziba njia. Hiyo ndiyo sungusungu, na mwaka 1989 sheria ikaitambua. Ilikuwa na makosa yake pia, maana penye hasira watu wasio na hatia waliumizwa. Tuchukue umoja wao, tuache ukatili. Kwetu Buhaya mtu akipiga enduru usiku, jirani asiyetoka huulizwa kesho yake. Desturi hiyo ndiyo tunayoitaka kijiweni.

Twapendekeza mambo haya. Kila kijiwe kiwe na daftari: baada ya saa moja usiku, dereva hatoki bila kuandikisha aendako, na abiria aache jina na namba ya simu mbele ya watu. Abiria mwema hatakasirika. Mwovu atatafuta kijiwe kingine. Mishikaki iishe. Sheria yaruhusu abiria mmoja tu, nanyi mmesikia yaliyompata aliyepakia wawili. Safari ya mbali usiku iende kwa pikipiki mbili. Dereva akifika, ampigie mwenziwe simu. Asipopiga kwa muda uliowekwa, kijiwe kiondoke kumtafuta. Na mtu akikutolea panga, mpe pikipiki. Pikipiki hununuliwa, roho hainunuliwi. Mkimkamata mwizi, apelekwe kituoni akiwa hai. Kijiwe kinachochoma mtu moto kitamchoma na mgeni aliyepotea njia.

Na matajiri wenye pikipiki, twasema nanyi pia, maana wengine wenu mko hapa. Mkataba unaomdai dereva hesabu ya chombo alichoporwa, huku polisi wamekwisha kuandika taarifa, ndio unaomsukuma kijana kwenda kutafuta bastola. Bima ndogo hulipa hasara ya mtu mwingine, wala hailipi pikipiki iliyoibwa. Ama kateni bima kubwa, ama kubalini hasara igawanywe, na madereva nao waweke akiba ya kila wiki kwa ajili ya siku hiyo. Dereva ajuaye kwamba hataachwa peke yake na deni hatapigania chuma mpaka kufa.

Sasa twarudi kwa kijana wetu. Umo humu, nawe watusikia. Kama bado hujaipokea, mwambie mtu huyo kuwa umepata jibu. Kama umekwisha kuipokea, usiifukie migombani, maana mtoto wa jirani ataifukua. Mwaka 2022 Serikali ilitoa miezi miwili, Septemba na Oktoba, watu wasalimishe silaha zisizo halali bila kushtakiwa. Leo hatuwezi kukuahidi msamaha usio mikononi mwetu. Twaweza kukuahidi kwamba hutakwenda peke yako: wazee wawili na sisi tutafuatana nawe mpaka kituoni, na tutasema yote tunayoyajua juu ya yaliyokupata.

Daftari la kwanza tumekuja nalo, hili hapa mezani. Tunataka majina mawili ya watakaolishika, na tunataka tajiri mmoja asimame leo hii aseme atafanya nini juu ya deni la kijana aliyeporwa. Kidole kimoja hakivunji chawa. Tusiondoke hapa kabla majina hayajaandikwa.