Samaki Hasomi Kanuni: Hotuba juu ya Kuvua Trauti kwa Nzi wa Manyoya



Tulipoombwa kusema mbele yenu jioni hii tulitaja habari ya uvuvi, na baadhi yenu walicheka. Walidhani kuwa tutasema juu ya nyavu na madema, mambo ambayo wenzetu waliozaliwa pwani na kando ya maziwa waliyajua kabla hawajajua herufi. Lakini uvuvi tutakaoueleza ni wa namna nyingine. Ni uvuvi wa samaki aitwaye trauti, katika mito ya kusini ya Uingereza, majira ya kuchipua majani, wakati wadudu wa majini watokapo na kuruka. Katika uvuvi huo mtu huweza kutumia siku nzima kwa ajili ya samaki mmoja, na mara nyingi akisha kumkamata humrudisha majini. Mtasema kuwa huo ni upuuzi. Twawaomba mtustahimili kidogo, maana ndani ya habari hii mna shauri lituhusulo sisi tushikao kalamu: mtu afanye nini, kanuni iliyoandikwa inaposema hivi, na macho yake yanapoona vingine?

Tuanze na jambo mlijualo. Mvua za kwanza zikisha kunyesha na ardhi ikalowa, kumbikumbi hutoka vichuguuni kwa maelfu. Siku ile kuku huacha mtama uwanjani, ndege huacha matunda mtini, na watoto huacha ugali chunguni. Kila mwenye kinywa huwafuata kumbikumbi, kwa sababu ni wengi, ni wanono, na kesho hawatakuwapo. Basi fikirini kuwa kichuguu kile ni mto, na kuku yule ni samaki.

Mito tunayoisema ni Test na Itchen, katika jimbo la Hampshire. Maji yake hayaji kwa mafuriko kama ya mito yetu mingi. Mvua hunywewa kwanza na miamba ya chaki, ikakaa chini ya ardhi, kisha hutoka katika chemchemi, nayo ni maji safi kama kioo, yenye baridi ya digrii 10 hivi za Sentigredi, kiangazi na kipupwe. Kwa sababu hiyo majani ya majini husitawi sana, na katika majani hayo na changarawe za chini hukaa wadudu wasiohesabika. Trauti naye hujichagulia mahali pake, akaelekeza kichwa maji yatokako, akangoja mkondo umletee riziki, kama mzee aketiye barazani akitazama wapitao.

Katika wadudu hao yuko mmoja aliye mkubwa kuliko wenzake, nao humwita nzi wa Mei. Jina ni la nzi, lakini si ndugu wa nzi wa jikoni. Yai lake huzama mtoni, likaangua tunutu, na tunutu huyo hujichimbia ndani ya mchanga na tope la chini, akaishi humo kwa kadiri ya miaka 2. Siku yake ikifika, katikati ya Mei au mwanzo wa Juni, huogelea mpaka juu, akapasua ngozi yake juu ya maji, akatoka na mabawa. Huelea kidogo mkondoni kama jahazi dogo lililotweka tanga, kisha huruka mpaka majanini. Huko huvua ngozi mara moja tena, jambo ambalo hakuna mdudu mwingine alifanyaye akisha kuwa na mabawa ya kurukia. Tangu hapo hali chakula, maana kinywa chake hakina kazi. Hucheza angani, huoana, jike hurudi mtoni kutaga, kisha hufa. Miaka 2 ya tope kwa siku moja au chache za hewa!

Lakini nzi wa Mei ndiye wa mwisho katika karamu ya majira hayo. Mwezi wa Machi na Aprili, siku ya baridi, karibu na saa sita au saa saba za mchana, hutoka wadudu wadogo wenye rangi ya zeituni. Baada ya katikati ya Aprili hutoka wale ambao utotoni hujijengea vijumba vya kukaa chini ya maji. Mwisho wa Aprili upepo huwaangusha mtoni wadudu weusi wa nchi kavu, wenye miguu mirefu yenye kuning'inia. Kila jamii ina majira yake na saa yake, na samaki akizoea kula jamii moja huweza kukataa kabisa nyingine, hata ikipita mbele ya pua yake.

Ndipo mvuvi ajapo na hila yake. Huchukua ndoana ndogo, nyingine haizidi punje ya mchele, akaifunga uzi wa hariri na manyoya ya shingo ya jogoo, mpaka ifanane na mdudu. Huirusha kwa fimbo nyepesi na mshipi mzito, maana nzi wa manyoya hana uzito wa kujipeleka mwenyewe. Husimama nyuma ya samaki, akatupa kuelekea maji yatokako, ili nzi ashuke na mkondo kama wenzake walio hai. Mshipi ukimvuta hata kidogo, akaenda kinyume cha maji, trauti hujua kuwa hapo pana udanganyifu.

Tulipokuwa masomoni huko, alasiri moja ya mwisho wa Aprili, tulipita katika njia ya miguu kando ya Itchen, karibu na mji wa Winchester. Ng'ambo tulimwona mzee mmoja akimvua trauti mkubwa ambaye hata sisi tulimwona waziwazi. Wadudu wa zeituni walikuwa wakielea, mabawa juu, na samaki alikuwa akila bila kupumzika. Mzee alimtupia nzi aliyeelea vizuri mno, mara kumi, mara ishirini. Samaki hakumtazama. Tulidhani mzee atakasirika, au atabadili samaki. Hakufanya hivyo. Aliweka fimbo majanini, akapiga magoti, akatoa mfukoni kitambaa chenye matundu kama chandarua, akakitia majini muda kidogo, kisha akakichungulia kama mtu asomaye barua ya ndugu yake. Halafu akakata nzi wake, akafunga mwingine mwembamba asiye na mabawa, ambaye alizama chini kidogo ya uso wa maji. Mara ya pili ya kutupa samaki alishika. Mzee alimtoa ndoana akamwachia, akatuona, akatuinulia kofia.

Baadaye tulijifunza alichokiona. Samaki yule hakuwa akila wadudu wenye mabawa. Alikuwa akila tunutu waliokuwa wakipanda juu, akiwashika kabla hawajapasua ngozi. Trauti alaye mdudu aeleaye mara nyingi huacha povu kidogo juu ya maji, kwa maana amemeza na hewa. Alaye chini ya uso wa maji haachi povu, bali mgongo wake hutikisa maji tu. Mzee alikuwa ametazama povu, wala hakuliona.

Sasa sikilizeni jinsi jambo dogo kama hili lilivyoleta ugomvi wa miaka mingi. Alikuwako bwana mmoja, Frederic Halford, aliyezaliwa mwaka 1844. Huyu alichunguza wadudu wa mito ile kwa bidii kubwa, na mwaka 1886 na 1889 alitoa vitabu vilivyofundisha kuvua kwa nzi aeleaye peke yake. Mwaka 1910 alitoa kingine chenye orodha ya nzi 33 aliowaona kuwa wanatosha. Halford hakuwa mjinga, na mengi aliyoyasema yalikuwa kweli. Lakini waliomfuata waliyageuza maelezo yake kuwa sheria. Katika sehemu nyingi za mito hiyo mtu aliyezamisha nzi wake alihesabiwa kuwa amekosa adabu.

Mwaka uleule wa 1910 mwanasheria mmoja wa London, jina lake G. E. M. Skues, alitoa kitabu chake mwenyewe. Skues alikuwa na desturi ya kuchukua yaliyomo tumboni mwa samaki aliyemvua, akayatia ndani ya kisahani cheupe chenye maji na kuyatazama. Aliyoyaona humo yalikuwa tunutu kwa wingi. Basi akasema kwa upole: ikiwa samaki anakula tunutu, kwa nini tusimpe mfano wa tunutu? Hakutukana mtu, wala hakuvunja kilichowekwa kwa kutaka sifa. Alionyesha kisahani. Hata hivyo walimpinga, na mwezi wa Februari 1938, alipokuwa na miaka 79, wavuvi wakubwa walikutana London kujadiliana juu ya njia yake. Mwaka huohuo aliiacha sehemu ya Itchen aliyokuwa ameivua kwa zaidi ya miaka 50. Alikufa mwaka 1949. Leo kuvua kwa mfano wa tunutu ni jambo la kawaida duniani kote. Kisahani kilishinda, ila kilichelewa.

Ndugu zetu, tungeishia hapo mngesema kuwa hii ni habari ya mabwana wawili wenye nafasi. Lakini yuko wa tatu, naye ndiye tumpendaye kuliko wote. Mwaka 1887 William Lunn alipata kazi ya kulinda mto Test kwa ajili ya klabu ya Houghton, katika mji mdogo wa Stockbridge. Klabu hiyo ilianzishwa mwaka 1822, na wanachama wake walikuwa watu wakubwa. Lunn alikuwa mtumishi wa mshahara. Kazi yake aliyoandikiwa ilikuwa kukata majani ya mtoni, kulinda samaki, na kuwasaidia mabwana.

Lakini Lunn alitazama. Aliona kuwa majike wengine wa wadudu wa zeituni hutambaa chini ya maji wakataga mayai kwenye mawe na nguzo, na ya kuwa funza wa wale wadudu wa vijumba hupanda na kuyala mayai hayo. Basi akachukua mbao, akazielea mtoni, akazifunga darajani. Majike wakataga upande wa chini wa mbao, na funza, ambao hutambaa chini ya mto, hawakuweza kuwafikia. Mbao zikijaa mayai huchukuliwa mpaka sehemu za mto zilizopungukiwa na wadudu. Hakuna barua iliyomwamuru kufanya hivyo. Alikaa kazini mpaka mwaka 1932, na mwanawe na mjukuu wake wakamfuata katika kazi ileile. Mwaka 1934 mwanachama mmoja wa klabu, John Waller Hills, aliyekuwa mbunge, alitoa kitabu cha maisha ya mtumishi huyo. Twaona ni heshima kubwa, bwana kuketi na kuandika yale aliyojifunza kwa mlinzi wake.

Wala msidhani kuwa trauti hajafika kwetu. Mwaka 1905 Ewart Grogan alileta mayai ya samaki hawa kutoka Loch Leven, katika Scotland, na wakatiwa katika mto Gura, milima ya Aberdare, yaani Nyandarua, nchi ya Kenya. Huko mtoni hakuna majira ya kuchipua kama ya Ulaya, wala wadudu wa Nyandarua hawakuandikwa katika orodha ile ya 33. Avuaye huko hana budi kupiga magoti na kutazama, kama mzee wa Winchester.

Twamalizia na jambo lenye huzuni. Mito ya chaki ni michache duniani, na iliyo mingi imo Uingereza. Siku hizi yaumia. Maji huvutwa chini ya ardhi kwa matumizi ya watu, maji machafu na mbolea za mashamba huingia, na tope hufunika changarawe. Wa kwanza kupungua ni wadudu, kabla samaki hajalalamika. Kwa hiyo wavuvi wa kujitolea huingia mtoni kwa zamu, kila mwezi, wakateka changarawe na wavu, wakawahesabu tunutu, wakaandika. Hesabu ikishuka chini ya kiasi kilichowekwa, hupeleka habari kwa wenye mamlaka. Hawana bunduki wala cheo. Wana daftari, na daftari likiandikwa kwa uaminifu huweza kushuhudia uovu ambao macho ya mpita njia hayauoni.

Hiyo ndiyo kazi yetu, ndugu. Sisi tumefundishwa kuheshimu kanuni, na twafanya vema, maana ofisi isiyo na kanuni ni soko. Lakini kanuni iliandikwa na mtu aliyetazama siku moja mahali pamoja. Tukiona kuwa maji yamebadilika, tusinyamaze kwa kuogopa, wala tusipige kelele kwa kiburi. Tuweke fimbo chini, tupige magoti, tutazame vizuri, kisha tuandike tulichokiona, kwa tarehe na kwa idadi, tukipeleke mbele kwa adabu. Huenda kisikubaliwe mwaka huu. Skues alingoja. Lakini kiwe kimeandikwa.

Tumekwisha, Bwana Mwenyekiti. Mwenye swali na aulize. Na mwenzetu wa pwani aliyecheka hapo mwanzo, twamwomba aje atufundishe habari za madema.