Jirani wa Ng'ambo ya Maji



Jioni hii nataka kusema nanyi juu ya jambo ambalo watu wengi hulihesabu kuwa dogo mpaka siku litakapowanyima usingizi, nalo ni kelele za jirani. Na hasa nitasema juu ya majirani wakaao kando ya maji. Yamkini msikilizaji wa Tanga au wa Mwanza atacheka, aseme, "Mtu wa Singida ajuaje habari za maji?" Ni kweli nchi yetu ni kavu, mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 600 au 700, na kiangazi chetu ni kirefu. Walakini mji wa Singida umekaa karibu na maziwa mawili, Singidani na Kindai, maziwa ya maji ya chumvi yapendwayo na heroe. Na huko Iramba liko ziwa la Kitangiri, lenye wavuvi na mitumbwi na wachuuzi wa samaki. Basi sisi nasi tunao watu wa pwani yetu, na ugomvi wao.

Ugomvi wenyewe mwaujua. Huku mjini ni harusi, ni baa, ni mkutano wa dini wenye vipaza sauti, ni jenereta inayonguruma umeme ukikatika. Huko ziwani ni watu wa mwaloni: makelele ya alfajiri, ndoo zinazogongana, pikipiki za wanunuzi. Anayelalamika hutumia neno moja tu kwa yote haya, asema "kelele", kana kwamba ni kitu kimoja. Mimi naona hapo ndipo kosa linapoanzia, nami nitawaeleza kwa nini.

Lakini kwanza tuiangalie sauti yenyewe, maana watu wengi hugombana juu ya kitu wasichoujua mwendo wake. Sauti husafiri hewani kwa mwendo wa mita 340 hivi katika kila sekunde. Mchana, ardhi ikiwa imepigwa na jua, hewa iliyo karibu na ardhi huwa na joto kuliko ile ya juu, nayo sauti hupindwa ikaelekea juu, ikapotea. Tena sisi wa Singida tunao upepo wetu, usiochoka wakati wa kiangazi, nao huipeleka sauti upande mmoja na kuinyima upande wa pili. Usiku ukiwa mtulivu mambo hugeuka. Hewa ya chini hupoa kwanza, na ile ya juu hubaki na joto lake. Hapo sauti iliyokuwa ikipanda hupindwa ikarudi chini, ikamwangukia mtu aliye mbali. Na juu ya ziwa hapana nyumba, wala mti, wala kichuguu cha kuizuia. Maji ni kama ubao uliopigwa randa, sauti huteleza juu yake. Ndiyo sababu mtu aliyesimama ukingoni usiku aweza kusikia maneno ya watu wa ng'ambo, akadhani wako nyuma ya mgongo wake. Wazee waliokulia kando ya maji walilijua jambo hili bila kitabu chochote cha shule. Mvuvi mwenye busara hamsengenyi mtu akiwa mtumbwini.

Sauti hupimwa kwa desibeli. Mahali pa wazi, kila umbali unapoongezeka mara mbili, sauti hupungua kwa desibeli 6. Haya, fanyeni hesabu pamoja nami kama wanafunzi wangu wafanyavyo. Tuseme ukumbi ulio kando ya ziwa unapiga muziki, na mtu aliye mita 10 kutoka kwenye vipaza sauti apata desibeli 90. Kwa mita 20 zitakuwa 84. Kwa mita 40 zitakuwa 78. Kwa 80 zitakuwa 72. Kwa 160 zitakuwa 66. Kwa 320 zitakuwa 60. Na kwa mita 640 bado zipo 54. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake kwa nchi za Ulaya, lilishauri kwamba kelele za usiku nje ya nyumba zisizidi, kwa wastani, desibeli 40. Basi mtu aliye mbali zaidi ya nusu kilometa, asiyemjua mwenye ukumbi hata kwa sura, bado anapigiwa muziki kitandani pake.

Tena apigiwa muziki gani? Hili ndilo jambo ambalo wenye kumbi hawalifikirii. Sauti nyembamba, kama ya mwimbaji au ya filimbi, huchoka njiani. Hewa huila, na ukuta wa tofali huizuia. Sauti nene ya ngoma na ya besi haichoki upesi, nayo hupita ukutani kama mtu apitaye mlangoni. Kwa hiyo mchezaji aliye ukumbini husikia wimbo mzima, mashairi yake na utamu wake. Jirani wa ng'ambo hapati wimbo, apata mdundo mtupu, du, du, du, saa tatu nzima. Yule afurahiye na yule ateswaye hawasikii kitu kimoja. Jirani akija kulalamika asubuhi, mwenye ukumbi hushangaa kwa moyo safi kabisa: "Lakini nyimbo zilikuwa nzuri!" Wala hasemi uongo.

Basi, mwenye kelele aghalabu hajui kelele zake zafika wapi. Akiwa hajui, ni nani atakayemwambia? Hapa nina neno kwa wale wanaolalamika, ambao huwa wepesi kujihesabu kuwa watu wema. Kwetu mtu akikerwa hunyamaza juma la kwanza, hunung'unika na mkewe juma la pili, na juma la tatu huenda kwa mwenyekiti wa mtaa, au humwita polisi usiku wa manane. Mwenye ukumbi hupata habari za hasira ya jirani yake kwa kinywa cha polisi. Tangu siku hiyo kila mmoja amwona mwenziwe adui, na watoto wao hawatumwi tena kuombana chumvi. Naona hasara hii ni kubwa kuliko usingizi wa usiku mmoja, maana nyumba ikishika moto, au mgonjwa akizidiwa, ni jirani yule yule atakayekimbia kwanza.

Njia iliyo bora ni ya kale. Nenda mchana, si usiku. Usiku una hasira na yeye ana wageni wake. Piga hodi, kaa, uulize habari za watoto, ndipo useme: "Ndugu yangu, sijui kama wajua, lakini muziki wako watufikia kule ng'ambo, na mama yangu ni mgonjwa." Kama huwezi kusema mwenyewe, mtafute mtani wake. Mtani ana ruhusa ambayo hata mkuu wa wilaya hana. Atamwambia, "Wewe, ngoma yako imeua kuku wetu wote kwa mshtuko," naye atacheka, na huku amesikia.

Sasa nirudi kwenye lile neno "kelele". Miaka kadhaa iliyopita kijana mmoja tuliyekuwa tukimfundisha ualimu alipelekwa kufanya mazoezi ya kufundisha katika kijiji kilicho karibu na Kitangiri. Alipanga chumba kwa mama mmoja mzee, hatua chache kutoka mwaloni. Kila siku saa kumi za usiku aliamshwa na kelele: wavuvi wakirudi, kila mtumbwi ukiita kutoka majini, na watu wa ufukoni wakiitika. Kijana akavumilia siku nne. Siku ya tano akaandaa barua kwa serikali ya kijiji, barua nzuri yenye aya tano (nimeiona, na Kiswahili chake hakikuwa na dosari), akaomba kelele hizo zipigwe marufuku kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Kabla hajaipeleka akamsomea yule mama. Mama akasikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia, "Mwalimu, wewe wasikia kelele. Mimi nahesabu."

Akamweleza. Kitangiri si ziwa la kina kirefu, na upepo wa ghafula ukilivamia hulichafua mara moja. Mitumbwi iliyotoka jioni haionekani gizani. Wanawake waliolala majumbani wazijua sauti za waume zao na za wana wao. Wakisikia wa kwanza, wa pili, wa tatu, hugeuka upande wa pili wakalala. Usiku ambao sauti moja haikuitika, hakuna aliyelala. Yeye mwenyewe alikwisha kuungoja wito mmoja mpaka jua likachomoza, na wito haukuja.

Kijana hakuipeleka barua ile. Lakini habari haikuishia hapo, na hii ndiyo sehemu niipendayo. Mama alikwenda kwa wavuvi akawaambia kwamba mwalimu wao halali, na asipolala hafundishi. Wavuvi wakakaa chini ya mti wakaligawa jambo lenyewe. Kuitana majini wakakukataa kukuacha, wala hakuna aliyewashurutisha. Bali kupatana bei na wanunuzi, kugonga ndoo na kuwasha pikipiki, hayo wakayahamishia upande wa pili wa mwalo, nyuma ya majabali, mbali na nyumba. Sauti ya uhai ikabaki, na sauti ya biashara ikasogea.

Nataka mtambue walivyofanya. Hawakupima kelele kwa ukubwa wake peke yake. Waliuliza: kelele hii ina kazi gani, na kazi hiyo yaweza kufanyika mahali pengine au saa nyingine? Kilio cha msiba hakiwezi kuahirishwa. Wito wa mvuvi hauwezi kuhamishwa. Jenereta yaweza kujengewa kibanda. Na besi ya ukumbi yaweza kupunguzwa bila mtu yeyote kukosa riziki.

Wala msidhani ni sisi tu wenye taabu hii. Huko Uingereza ipo mifereji iliyochimbwa karne mbili na zaidi zilizopita kwa ajili ya kupitishia mizigo. Ule wa Regent's Canal upitao ndani ya London ulikamilika mwaka 1820. Siku hizi maelfu ya watu hukaa ndani ya mashua zilizofungwa kando ya mifereji hiyo, wakipika na kulala humo. Mwenye mashua huwasha injini ili apate umeme, na mwenye nyumba iliyo ukingoni hulalamika kwa ngurumo na moshi. Mwenye mashua naye hujibu kwamba mfereji ulikuwapo kabla ya nyumba hiyo. Shirika la Canal & River Trust, lililokabidhiwa mifereji mwaka 2012, limeweka sharti kwamba mashua iliyofungwa isiwashe injini kwa ajili ya umeme tangu saa mbili usiku mpaka saa mbili asubuhi, isipokuwa imefungwa peke yake mahali ambapo hakuna wa kuisikia. Kwangu mimi maneno hayo ya mwisho ndiyo yenye akili. Sharti halikuichukia injini. Linamtazama mtu aliye na masikio.

Sheria twazo na sisi. Ipo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na kanuni zake za mwaka 2015 juu ya kelele na mitetemo, ambazo huweka kiwango cha usiku chini ya kile cha mchana. Na ipo taasisi ya taifa ya mazingira izisimamiayo. Baa zimekwisha kutozwa faini, na nyingine kufungwa. Mtu aliyesema kwa upole mara mbili na tatu asisikilizwe, ana haki ya kwenda huko, wala asionewe haya. Nasikitika tu nikimwona mtu aliyeanzia huko.

Na wewe mwenye ukumbi kando ya Kindai au Singidani, nina ombi kwako. Kuvigeuza vipaza sauti vikaupa maji kisogo kwafaa kwa sauti nyembamba. Kwa mdundo hakufai sana, kwa kuwa sauti nene huenea pande zote, na dawa yake ni kuipunguza. Lakini usiniamini mimi. Jumamosi ijayo, muziki ukiwa umekolea, mwachie kijana wako ukumbi kwa muda wa saa moja. Zunguka ziwa mpaka ng'ambo, usimame penye nyumba za watu saa tano ya usiku, upepo ukiwa umelala. Usizungumze na mtu. Sikiliza kinachokufikia, kisha urudi ukakiguse kile kitufe cha besi kwa mkono wako mwenyewe.

Kwaherini.