Chakula cha Paka Kisilale Nje

Msikilizaji wetu wa Mwananyamala, kama unafuga paka, hili linakuhusu. Chakula cha paka kisilale nje.

Wengi wetu tunampa paka utumbo wa samaki au wa kuku. Paka anaupenda. Nzi naye anaupenda. Kwa joto la Dar es Salaam, nyama mbichi haichelewi kunuka. Nzi anatua na kutaga mayai. Nzi huyo huenda ametoka chooni. Akitoka kwenye sahani ya paka, anahamia kwenye uji wa mtoto. Mtoto anaweza kuanza kuhara.

Je, chakula kikavu cha dukani? Nzi hawakifuati sana. Ila kikiachwa usiku, sisimizi na mende watakuja.

Basi fanya hivi. Mpe paka kiasi anachomaliza mara moja. Akishakula, osha sahani kwa sabuni. Mabaki yafunge kwenye gazeti, uyatie kwenye ndoo ya taka yenye mfuniko. Chakula kikavu kiweke kwenye kopo linalofungwa vizuri. Sisimizi wakisumbua, weka bakuli la paka ndani ya sinia lenye maji kidogo.

Tunarudia: akila, osha. Akibakiza, ondoa. Chakula cha paka kisilale nje.